Siku Tatu za Mwalimu Pwani

Nianze na ukweli: katika watu wote ninaowapenda, huyu mzee ndiye amenikasirisha zaidi. Mume wangu hunikasirisha, ndiyo, lakini yeye nikimnunia jioni, asubuhi yameisha. Mwalimu hanuniwi. Zamani ukimnunia alikuwa hajali, na siku hizi hata akitaka kuona umenuna hawezi, maana macho yamezima kabisa. Hilo ndilo linalonifanya nikae hapa dukani kwangu mjini Machakos, katikati ya mbegu na dawa za mifugo, nikimgombeza mtu ambaye hayupo. Wateja wameshazoea.

Sitamtaja jina. Kule kwetu, upande wa Muthetheni, hakuna anayelitumia. Hata marehemu mkewe alimwita Mwalimu, tena mbele ya watoto wao. Siku ya soko ukiita "Mwalimu!" kwa sauti, walimu wengine waliopo hawageuki. Wanajua si wao wanaoitwa.

Alitufundisha historia shule ya msingi, na kila mwaka kulikuwa na somo moja tulilolingoja kama sherehe. Lilikuwa somo la vijiji vya kale vya pwani. Alichokipenda yeye kilikuwa kijiji kimoja kidogo kaskazini mwa Mombasa, chenye magofu ya mawe na watu ambao mpaka leo wanaishi pembeni yake. Alikichora ubaoni bila kufungua kitabu. Msikiti kwanza, halafu kisima, halafu nyumba za matumbawe zenye vidaka ukutani, vile vishimo vya kuwekea taa na vyombo, halafu kaburi lenye nguzo ndefu. Bahari aliiacha mwisho. Alikuwa na chaki moja ya bluu aliyoificha mfuko wa ndani wa koti, na haikutumika kwa kazi nyingine yoyote. Mwalimu mkuu aliwahi kuiomba ya kuchorea bendera, akanyimwa.

"Mtu akitoka msikitini hapa," anasema, chaki ikitembea, "kitu cha kwanza anaona ni maji. Na hii kisima iko karibu sana na bahari, lakini maji yake ni tamu. Kwa nini?"

"Mchanga inachuja, Mwalimu!" tunapiga kelele darasa zima.

Hilo tulilijua bila kufundishwa. Sisi ni watoto wa mito mikavu. Kiangazi unaenda mtoni na sufuria, unachimba mchanga kwa mikono, unangoja, maji yanajaa taratibu, safi, baridi. Kwa hiyo tulikielewa kile kijiji kana kwamba kilikuwa ng'ambo ya kilima. Na tuliamini kabisa kwamba Mwalimu alikwenda huko mara nyingi. Siku moja nilinyoosha mkono nikamuuliza alikwenda lini mara ya mwisho.

"Fungua ukurasa wa arobaini," akanijibu.

Nilikuja kujua ukweli nikiwa mtu mzima, nimekaa jikoni kwa mkewe nikimsaidia kuchambua maharagwe. Nikasema Mwalimu lazima anaikumbuka sana pwani. Mama wa watu alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Huyo? Huyo hajawahi kupita Mtito, nusu ya njia!"

Jamani! Zaidi ya miaka thelathini anachora bahari, na hajawahi kuiona hata kwa mbali.

Si kwamba alikosa nafasi. Walimu wenzake walikwenda na mabasi ya shule, yeye akibaki kuchimba. Kwa Mwalimu, likizo ilikuwa na maana moja tu: mtaro. Shule ikifungwa, jembe linafunguliwa. Shamba lake liko kwenye mteremko kama mashamba yetu yote, na usipochimba mitaro ya kuzuia udongo, mvua ya Novemba inashuka nao mpaka kwa jirani. Aliongoza mwethya, kikundi cha majirani wanaochimba kwa huyu leo na kwa yule kesho, na ole wako ufike umechelewa. Likizo za Agosti alipita hata nyumbani kwa wanafunzi wake wa zamani, sisi wenye familia zetu, kukagua.

"Umepumzika?" anakuuliza getini.

"Nimepumzika, Mwalimu."

"Wapi? Nionyeshe."

Na anapita nyuma ya nyumba kutafuta mtaro uliochimba. Mimi naishi Mumbuni, kwenye ploti ambayo ukipiga hatua kumi uko kwa jirani. Nilimwonyesha sukuma wiki zangu za kwenye magunia. Aliyaangalia magunia yale, akaniangalia, akaomba maji ya kunywa.

Usidhani ni mtu mkavu. Alikuwa mchoyo wa sifa, hilo sitabisha, niliongoza darasa mara mbili na akaniandikia "Unaweza." Lakini mtoto aliyekosa kiatu alikuta kiatu kwenye dawati, na hakuna aliyeambiwa kimetoka wapi. Na ujasiri alikuwa nao wa kutisha. Malori ya kuzoa mchanga yalipoanza kuingia mtoni kwetu, wanaume walikaa kikao, wakalalamika, wakaandika barua. Mwalimu alibeba kiti cha darasani, akakiweka katikati ya njia ya malori, akakaa na rundo la vitabu vya darasa la saba, akaanza kusahihisha. Dereva akapiga honi. Mwalimu akamnyooshea kalamu.

"Unanisumbua. Nikikosea alama za mtoto wa watu, ni wewe."

Alisahihisha mpaka kitabu cha mwisho, na lori likarudi nyuma kwa nyuma hadi barabarani. Wiki hiyo wakaunda kamati ya kulinda mchanga na yeye akawa mwenyekiti. Sasa niambie, mtu kama huyo anaogopa nini kupanda gari kwenda pwani?

Macho yalianza na chai. Alikuwa akimimina kando ya kikombe, halafu anasema kikombe kimehama. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto wako mbali, basi mimi ndiye niliyempeleka kwa daktari wa macho. Tuliambiwa ni presha ya macho. Daktari, kijana mpole, alimshika mkono akazungumza naye polepole. Ugonjwa ulikuwa umeiba mengi tayari. Dawa ingeuchelewesha, lakini kilichokwenda hakirudi.

"Mzee, kama kuna kitu unataka sana kuona," akasema, "usikae."

Tulipotoka nje nilimuuliza ni kitu gani. Hakufikiri hata kidogo. "Kile kijiji," akasema.

"Basi Agosti tunaenda, Mwalimu. Mimi na wewe."

"Sawa."

Nilifunga safari hiyo moyoni kama nadhiri. Macho yale yalinifundisha kusoma, kwa hiyo yangeona bahari kabla hayajazima, na mimi ndiye ningeyapeleka. Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kupata chumba. Loo!

Agosti ilipofika, mbaazi zilikuwa zimeiva na asingeweza kuziachia ndege. Desemba, mvua imekuja vizuri, palizi inamngoja. Aprili ikawa ni mbuzi.

"Mbuzi iko karibu kuzaa," akaniambia kwenye simu.

"Mwalimu, mbuzi anajua kuzaa!"

"Hii ni ya kwanza yake. Haijui."

Agosti nyingine ilikuwa zamu yake ya mwethya. Desemba nyingine, kanisa linaezekwa. Kila baada ya miezi kadhaa nilimrudisha kwa daktari, na kila mara daktari alimulika tochi yake na kukaa kimya muda mrefu kuliko mara iliyopita. Roho iliniuma mpaka nikawa naota hiyo bahari. Mwaka mmoja niliamua kumshtukiza: nikaenda na begi lake jipya, nguo nimeshampangia, tiketi mkononi. Nyumbani hayupo. Nilimkuta chini kabisa ya shamba, ndani ya mtaro, anachimba kwa mazoea, jembe likishuka karibu na vidole vya mguu. Hakuniona mpaka nilipozungumza.

"Mwalimu, unangoja nini?" Nilikuwa nalia, sifichi. "Unangoja yazime?"

Alifuta jembe kwa kiganja. "Kesho kutwa, mwiitu," akasema. Mwiitu ni binti, na aliniita hivyo alipotaka niache maneno. "Kesho kutwa tutaenda."

Ile tiketi nikaipasua mbele yake.

Halafu mwaka juzi, bila mimi kusema lolote, akanipigia yeye. "Sasa twende." Wakati huo alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Mtu ukisimama mbele yake alijua kuna mtu. Nilitaka kumwambia aende na mbuzi wake. Nikameza mate, nikafunga duka, nikaenda kumchukua.

Tulipanda treni Athi River. Alikuwa amebeba isyo, mahindi na maharagwe yetu, debe zima la kilo tano, kwa sababu hakuamini chakula cha watu asiowajua. Nilifikiri njiani ataniuliza nje kuna nini. Hakuuliza. Alimgeukia abiria wa pembeni, wakajuana ukoo, wakaongea Kikamba mpaka Mombasa.

Tulifikia nyumba ya wageni ndogo palepale kijijini, ya mama mmoja mkarimu aliyetukaribisha kwa maji ya madafu. Na nani yuko getini? Soja, mlinzi wa usiku na mchana, mzaliwa wa Masii! Basi ikawa imeisha. Kulipokucha, siku ya kwanza, Mwalimu aliwekewa kiti pale getini saa tatu asubuhi, na saa kumi na moja bado alikuwepo. Walizungumzia mvua ya Masii, daraja la Masii, ng'ombe dume wa mtu fulani wa Masii aliyekufa zamani. Wakala isyo kutoka kwenye debe. Nilikwenda mara tatu kumwita.

"Mwalimu, bahari iko hapo tu. Hatua hamsini."

"Naisikia," akasema. "Iko na kelele sana." Akarudi kwa soja.

Nilikaa kitandani nikajiuliza nimesafiri safari yote ile ili mtu wa Muthetheni aongee na mtu wa Masii. Si angepanda boda akamtembelee nyumbani kwao!

Siku ya pili nilimvuta mkono tukaenda magofuni. Tulipewa mwenyeji wa kutuongoza, kijana wa hapohapo mwenye adabu zake.

"Shikamoo mzee wangu, karibuni sana. Hapa tulipo ndipo ulipokuwa msikiti mkuu."

"Najua," akasema Mwalimu.

Kila alichoambiwa alikijua. Mimi nilikuwa nyuma yake nikimwelekeza fimbo ipite wapi, nikimpiga picha za kuwatumia wenzangu tuliosoma darasa moja, nikimwombea msamaha kijana wa watu kwa macho. Kwenye kidaka kimoja aliingiza mkono mpaka kiwikoni, akauacha humo muda mrefu, watalii wengine wakipita kutushangaa. Kisha tukafika kwenye lile kaburi la nguzo.

"Iko na pande sita," Mwalimu akatangaza.

"Samahani, mzee wangu, ni nane."

"Sita. Nimefundisha hii kitu miaka yote."

"Hebu ishike, mzee."

Akaweka fimbo chini, akaikumbatia ile nguzo, akazunguka akihesabu kwa vidole. Midomo ilisimama kwenye nane.

"Mmomonyoko," akasema.

Kijana aliniangalia, mimi nikaangalia viatu vyangu. Mmomonyoko gani wa kuongeza pande? Nilitamani ardhi inimeze palepale. Mwalimu akasema amechoka, twende kwa soja.

Siku ya tatu ilikuwa ya mwisho na sikumuuliza. Nilimshika tu, tukashuka ufukweni. Alipohisi mchanga chini ya viatu alisimama, akainama, akauchota, akauachia upite katikati ya vidole. Kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani nilimwona uso umefunguka.

"Mchanga hii yote!" akasema. "Kamati yake iko wapi?"

Nilicheka. Nikasema moyoni, sasa. Sasa ndiyo likizo inaanza. Lakini hakuelekea majini. Alipiga magoti pale juu, mahali pakavu, akaanza kuchimba kwa mikono yote miwili, vile tunavyochimba mtoni kwetu. Shimo likafika kiwiko. Akangoja. Maji yakaingia taratibu, akayachota kwa kiganja, akanywa.

Akayatema. "Chumvi."

"Kwani ulitarajia nini, Mwalimu? Ni bahari!" Niliyasema kwa sauti, watu wakageuka. Nilikuwa nimechoka. Niliona aibu ya kumwona mtu mzima amepiga magoti, mchanga kwenye ndevu, na bahari yenyewe aliyoililia iko pale mbele na hajaigeukia hata mara moja. Alibaki hivyohivyo kwa muda, mkono ndani ya shimo. Halafu akaniomba nimrudishe getini.

Picha nilizituma kwenye kundi letu la simu, wenzangu wakajaza mioyo na makofi. Umemfurahisha mzee, wakaandika, Mungu akubariki! Njiani kurudi sikumsemesha mpaka Voi, na hata hapo nilimuuliza tu kama anataka chai.

Tangu hapo nimekwenda kwake mara chache, tena na mume wangu, na kila mara nimekaa kidogo. Hata ule mwanga ulishaondoka. Lakini Jumamosi iliyopita nilikuwa Masii kuona wateja, nikasema nipite. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi, anachagua yaliyooza kwa kuyapapasa. Aliijua hatua yangu. Nikavuta kigoda, nikachukua gunzi, tukapukuchua, halafu sikuweza tena kujizuia.

"Mwalimu, nikuulize kitu, na usiniambie ya mbuzi. Kwa nini hukwenda macho yakiwa mazuri?"

Nilidhani atanitoroka kama kawaida. Akaendelea kupukuchua mpaka gunzi likaisha.

"Niliogopa," akasema.

"Uliogopa nini?"

"Hesabu watoto nimefundisha hiyo somo. Wewe, na wenzako wote. Yote nilisoma kwa kitabu moja kuukuu, na penye kitabu haikusema, nilijaza mwenyewe. Nikienda nipate si hivyo, nitawaambia nini? Nitawakusanya wapi?" Akapapasa gunzi jingine. "Nikangoja macho ipungue. Nikasema nikifika sioni, hakuna atanilaumu. Lakini nilipofika, ile kitu ikaniuma. Nikataka kujua. Nguzo nilishika, nimekosa. Maji nilionja, nimekosa."

Nikaliweka gunzi langu chini.

"Mimi nilikuwa nangoja ukuje peke yako," akasema. "Sikutaka kuuliza yule kijana, angenicheka. Na soja ni mtu wa getini, huko ndani hajawahi kuingia. Wewe ulifika. Sasa niambie bila kunionea huruma. Mtu akitoka kwa mlango ya msikiti, anaona maji ama haoni?"

"Anaona," nikasema upesi.

"Upande gani?"

Nikafungua mdomo. Nikajaribu kusimama tena pale mlangoni kichwani mwangu, na nilichokiona ni fimbo yake ikitafuta ngazi na kiatu chake cha kushoto ambacho kamba ilikuwa imefunguka. Nikatoa simu. Nikatafuta zile picha. Mwalimu na kofia. Mwalimu na mkono ndani ya ukuta. Mwalimu amekumbatia nguzo. Mwalimu mgongo, Mwalimu uso, Mwalimu na soja. Nyuma ya sikio lake, kwenye picha moja, kulikuwa na kipande cha kitu cheupe ambacho kingeweza kuwa ukuta au mbingu. Nilipekua mpaka mwisho, nikaanza upya. Alikuwa ameacha kupukuchua, amegeuza uso wake kwangu, anangoja jibu kama alivyokuwa akingoja darasani.

"Sijui, Mwalimu," nikasema. "Siku zote tatu nilikuwa nakuangalia wewe."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakukasirika, afadhali angekasirika.

"Ai, mwiitu," akasema. "Sasa mimi nitauliza nani?"